Jina la Kitabuni

Tarishi wa mahakama alifika kijijini kwetu Anse Cannelle siku ya Jumanne, jua likiwa limeanza kuuma, bahasha ndefu ya kahawia kwapani na viatu mkononi kwa sababu ya tope la kivukoni. Aliuliza dukani, akauliza kanisani, akauliza kwa wanawake waliokuwa wakifua mtoni: Eudoxia Philomène Charlemagne anakaa wapi? Wote walimtazama kwa huruma, wakamwambia hawajapata kumsikia mtu huyo. Mwishowe akapanda kilima hadi nyumba ya juu kabisa, ile yenye ukumbi unaotazama ghuba, akamkuta Ma Titin anamenya shelisheli.

"Eudoxia?" Ma Titin alisema. "Mwanangu, mimi nimezaliwa hapa, na mama yangu kazaliwa hapa. Huyo hayupo. Jaribu ng'ambo ya mlima. Kule ndiko wanakojipa majina ya ajabu ajabu."

"Wote wananiambia hivyo hivyo."

"Sasa watu wote wakikwambia kitu kimoja, wewe unataka nini tena? Kaa unywe chai ya kakao, umeloa jasho mpaka unatia huruma."

Tarishi alikunywa vikombe viwili, akaandika nyuma ya bahasha kwa kalamu nyekundu, *hajulikani hapa*, akashuka zake. Alipopotea kwenye kona Ma Titin alicheka peke yake mpaka shelisheli likamponyoka, maana Eudoxia Philomène Charlemagne alikuwa ni yeye.

Kwetu kila mtu ana majina mawili. La kitabuni ni lile ambalo padri aliliandika kwenye kitabu cha ubatizo, na kazi yake ni kungoja siku ya ndoa na siku ya jeneza. La nyumbani ndilo unaloitwa, unalopendwa nalo na kutukanwa nalo. Anayekuulizia kwa jina la kitabuni hakujui, na asiyekujua akaja na karatasi hajakuletea heri. Desturi hii ilikuwepo siku zote, ila aliyeifanya silaha ni Wakili.

Wakili alikuwa Evariste Joinville, ambaye nyumbani tulimwita Vavi. Mama yake alikuwa dobi, na siku ambazo kwao hakukuwa na moto alikula kwa Ma Titin. Alisoma sheria ng'ambo kwa nauli iliyopatikana kwenye minada ya kanisa letu, akarudi na joho jeusi mwaka ule ule ambao wenye shamba kubwa la miwa waliamua kutufukuza kilimani. Walileta hati za kufukuzwa arobaini na moja, zote kwa majina ya vitabuni. Vavi alitukusanya akatuambia: "Mkiulizwa, hamjui mtu. Shamba haliwezi kumfukuza mtu asiyepatikana." Hati zilirudi mahakamani, zikaja tena, zikarudi tena, miaka minne, mpaka wenye shamba wakachoka wakatuuzia sisi kilima kile. Yeye mwenyewe alituandikia hati zetu za ardhi, bure, na hati ya Ma Titin aliiandika kwa mwandiko wake. Kesi ile ndiyo iliyompa jina kisiwa kizima. Uchaguzi wa kwanza alishindwa, wa pili akaingia bungeni, na katika mwaka wa kumi na moja wa uhuru alikuwa Waziri wa Ardhi, na waziri mkuu alikuwa mgonjwa, na kila mtu alijua kiti kile kinamngoja nani.

Ila bahasha ile haikutoka kwa wenye shamba. Jioni Alban, mkwe wa Ma Titin, alirudi kutoka kwenye genge la vibarua wa barabara akaona vigingi vyekundu vimepigiliwa katikati ya viazi vikuu vya mama mkwe wake.

"Ma, hawa ni wapimaji wa serikali," alisema. "Wanasema itajengwa hoteli, kuanzia ufukweni hadi hapa."

"Hapa wapi?"

Alban alionyesha kwa kidevu: ukumbi, jiko, kitanda.

Ma Titin hakucheka tena. Alikuwa na miaka sabini na moja, hana pensheni wala mume, na alichokuwa nacho duniani kilikuwa nyumba ile na ekari tatu zilizoizunguka. "Kesho naenda kwa Vavi," alisema.

* * *

Aliondoka na basi la alfajiri, na kikapu chenye mashelisheli mawili, maparachichi na mkate wa muhogo uliokuwa bado moto. Wizarani alimkuta binti aliyepaka kucha rangi ya zambarau.

"Jina?"

"Mwambie Ma Titin amekuja."

"Jina kamili, mama. Kitabu cha wageni hatuandiki majina ya utani."

Ma Titin alikitazama kitabu, akaitazama kalamu. "Kwa leo hilo ndilo kamili," alisema.

Binti alivuta pumzi, akaandika *bibi mwenye kikapu*. Ma Titin hakujua kusoma, kwa hiyo alimshukuru. Alikaa kwenye benchi kuanzia saa tatu. Saa nne mlinzi alimwambia kikapu kinanuka, akiweke nje kwenye ngazi. Saa tano wazungu wa hoteli waliingia moja kwa moja bila kuandika jina lolote, binti akasimama kwa heshima. Saa sita binti alifungua chakula chake akala, na Ma Titin akatazama ukutani ili asionekane anaangalia. Saa saba unusu mlango ukafunguliwa, na Wakili akatoka mikono wazi.

"Ma Titin! Nani amemwacha mama yangu nje?" Yeye mwenyewe alikuwa ameambiwa tangu saa nne kwamba Ma Titin yupo.

"Vavi!" Ma Titin alisema kwa sauti, na binti wa kucha akainama kuficha kicheko. Wakili alimvuta ndani haraka.

"Hapa, Ma, afadhali uniite Wakili. Si kwa ubaya."

"Nilikuogesha mimi. Haya, Wakili. Wapimaji wako wamenipigilia vigingi kwenye viazi. Wanasema hoteli."

"Ni mpango wa serikali. Bado ni mpango."

"Na tarishi alikuja! Nikamfanyia kama ulivyotufundisha. Nikamwambia Eudoxia hayupo, nikampa na chai juu!" Alicheka akikohoa, akampiga Wakili kwenye goti. Wakili naye alicheka, ila alichelewa kidogo.

"Aliandika nini?"

"Nitajuaje mimi? Kaandika na kalamu nyekundu. Niambie ukweli, mwanangu. Nyumba yangu wataichukua?"

Wakili aliishika mikono ya Ma Titin yote miwili. Mtu asiyemjua angeapa kwamba anakaribia kulia, na huenda alikuwa anakaribia kweli. "Jumapili nina mkutano Anse Cannelle," alisema. "Nitakuita jukwaani mbele ya watu wote. Vaa vizuri."

"Utasema ardhi ni yangu?"

"Nitasema ardhi ni ya Eudoxia Philomène Charlemagne, na hakuna atakayebisha."

Ma Titin alimbariki hapo hapo kwa kumpaka mate kwenye paji la uso, kama alivyozoea kumfanyia zamani. Aliporudi kwenye ngazi alikuta mashelisheli yameshachukuliwa, yamebaki maparachichi, akasema moyoni kwamba aliyeyachukua bila shaka alikuwa na njaa.

* * *

Katibu mkuu wa wizara, Bwana Lascaris, alikuwa amesimama kwenye mlango wa pili muda wote.

"Ndiye?"

"Ndiye," Wakili alisema, akijifuta paji la uso kwa leso.

"Basi Mheshimiwa aape kwamba anamjua, nami niandike leo leo."

"Mimi ni wakili wake. Hati yake niliiandika mwenyewe. Wakili haapi dhidi ya mteja wake, Lascaris. Yapo mambo ambayo mimi sifanyi." Alilisema hili kwa fahari ya kweli, na ndilo linalonichukiza mpaka leo kuliko mengine yote.

"Lakini tarishi kaandika hajulikani. Bila kumkabidhi mwenye ardhi karatasi, sheria inaturudisha mahakamani kumtafuta. Miaka mitatu, labda minne. Wazungu wamesema mwisho wa mwaka, wasipopata kiwanja wanaondoka. Na mkutano mkuu wa chama..."

"Sheria naijua. Tundu hilo nililitoboa mimi."

"Sasa?"

"Atajitaja mwenyewe, kwa hiari yake, mbele ya kamishna wa viapo na kijiji kizima. Akishajitaja unampa karatasi mkononi. Siku sitini za kuweka pingamizi zinaanza hapo. Zikipita kimya, ardhi ni ya serikali."

"Alimficha tarishi jina lake. Sisi atatuambiaje?"

"Mimi si tarishi," Wakili alisema, akaagiza chakula cha mchana.

* * *

Siku ya Jumamosi mchana Alban alikuwa anacheza domino kwenye duka la ramu wakati mzee Polydore alipomgusa bega. Polydore alikuwa karani wa mahakama miaka thelathini kabla hajastaafu, na sikio lake lilikuwa bado liko mahakamani.

"Njoo nje," alisema, na walipofika nyuma ya mapipa akanena kwa kunong'ona: "Kamishna wa viapo ameitwa kuja kesho na mhuri wake. Mkutano wa siasa unataka mhuri wa nini? Mwambie mama mkwe wako asipande jukwaani. Na akipanda, kwa vyovyote vile asitaje jina lake la kitabuni. Asipolitaja hawamwezi. Umenielewa?"

"Kwa nini usimwambie wewe?"

"Mimi na Ma Titin hatusemeshani tangu mambo ya mbuzi, unajua. Hatanisikia. Wewe ni wa nyumbani."

Alban alielewa vizuri sana. Alipanda kilima akijipangia maneno. Lakini asubuhi ile ile bosi wa barabara alikuwa amemwambia kwamba wizara inatafuta mnyapara kwa kazi ya hotelini, mtu wa hapa hapa, na jina la Alban limetajwa kutoka juu. Miaka kumi na tatu alikuwa amebeba kokoto. Miaka kumi na tatu alikuwa amekaa katika nyumba ya mama mkwe, na wenzake kwenye genge walimwita Bibi Harusi.

Nyumbani Ma Titin alikuwa anapiga pasi gauni lake la sikukuu la kitambaa cha madrasi chenye mirabamiraba, na Hermina, mke wa Alban, ameshaambiwa habari za unyapara na mke wa bosi.

"Mnyapara!" Hermina alisema, akamkumbatia na mikono yenye unga. "Ma, umesikia? Tutapata nyumba ya bloku. Tutapata friji."

"Nimesikia. Vavi hajatusahau," Ma Titin alisema. "Nilijua. Alban, mbona umesimama mlangoni kama mgeni? Una neno?"

Alban alimtazama mkewe, ambaye hakuwa amemkumbatia hivyo tangu mtoto wao wa mwisho azaliwe.

"Hapana, Ma. Nimechoka tu."

* * *

Jumapili baada ya misa uwanja wa shule ulijaa. Kulikuwa na bendi, bendera za chama, na ramu ya bure nyuma ya vyoo kwa wale waliojua pa kusimama. Wakili alizungumza Kikreoli, si Kiingereza cha bungeni, na alikijua kuliko sisi. Alitukumbusha hati arobaini na moja. Aliigiza tarishi wa zamani anavyohangaika kijijini, akatembea jukwaani amejishika kiuno, akiuliza, "Samahani, mnamjua Théophile Aurélien?" na uwanja mzima ukamjibu, "Hatumjui!" na mzee Théophile mwenyewe, ambaye sisi tunamwita Kabrit, akapiga kelele kuliko wote. Tulicheka mpaka machozi. Tulimpenda. Sina budi kuisema aibu hiyo: siku ile tulimpenda kuliko siku zote.

"Siku zile tulijificha," Wakili alisema, akashusha sauti, "kwa sababu nchi haikuwa yetu. Mtu mweusi alikuwa anaogopa jina lake mwenyewe. Leo nchi ni ya nani?"

"Yetu!"

"Serikali ni ya nani?"

"Yetu!"

"Basi leo hatujifichi. Mleteni mama yangu hapa. Ma Titin, panda!"

Alipanda na gauni lake la madrasi, na kilemba chenye ncha tatu. Wakili mwenyewe alimshika mkono ngazini. Kwenye kiti cha nyuma kamishna wa viapo alikuwa ameshafungua kitabu chake, Lascaris amesimama kando yake. Polydore alikuwa mbele kabisa, anamtafuta Alban kwa macho. Alban alikuwa amejisogeza nyuma ya ngoma za bendi.

"Ma," Wakili alisema kwenye kipaza sauti, "waambie hawa watu jina ulilobatizwa. Lile tulilowaficha wenye shamba miaka minne. Lisikike mpaka baharini."

Ma Titin alikitazama kipaza sauti. Hakuwa mjinga. Miaka ishirini hakulitaja jina lile mbele ya mgeni, na sasa lilimkwama. Aligeuka akamwangalia Wakili usoni, karibu sana, kama mtu anayetafuta kibanzi kwenye jicho la mtoto.

"Nilitaje, Vavi?" aliuliza, na kipaza sauti kilichukua kila neno. "Unanihakikishia?"

"Litaje, Ma."

"Usilitaje!" Polydore alipiga kelele. "Titin, usilitaje!"

"Na wewe nilipe mbuzi wangu kwanza!" Ma Titin alimjibu, na uwanja ukalipuka kwa kicheko, na kicheko kile ndicho kilichomfungua kinywa. Alinyoosha mgongo. Alilisema lote, taratibu, kwa sauti ambayo hatukujua kama anayo: Eudoxia, Philomène, Charlemagne, mwenye nyumba ya juu kilimani, binti wa Ma Dédé, aliyezaliwa hapa hapa. Akaongeza kwamba yupo, na haogopi mtu.

Makofi yalidumu. Kamishna aligonga mhuri. Lascaris akasogea mbele, akainama, akamkabidhi karatasi yenye utepe mwekundu, na bendi ikaanza kupiga. Ma Titin aliiinua juu ya kichwa chake, akaipunga kulia na kushoto.

Alipofika nyumbani alimpa Alban aisome, kwa sababu ilikuwa ya Kiingereza cha mahakama, na ndani ya nyumba ile Alban peke yake ndiye aliyefika darasa la sita.

Alban alisoma mstari wa kwanza, akasoma wa pili. Siku sitini zilikuwa zimeandikwa kwa tarakimu na kwa maneno.

"Wanasemaje?" Ma Titin aliuliza.

"Wanakushukuru, Ma."

"Na ardhi? Wamesema ni ya nani?"

"Wamesema ni ya Eudoxia Philomène Charlemagne."

"Si nilikwambia!" Ma Titin alisema, akakaa chini akalia kwa furaha, na Hermina akalia naye.

Alitoa picha ya marehemu mumewe kwenye fremu yenye kioo, akaiweka karatasi mle ndani, akaining'iniza sebuleni, mahali ambapo kila anayeingia lazima aione. Na watu waliingia. Wawili watatu waliojua kusoma waliisoma, wakamtazama Ma Titin anavyotabasamu, wakaona Alban amevaa kofia ya mnyapara, wakahesabu kwamba familia imeuza na imelipwa vizuri na inafanya siri. Kwa hiyo walinyamaza, kwa kijicho. Polydore alidhani vivyo hivyo. Alipita chini ya kilima akatema mate. Mimi mwenyewe niliisoma karatasi ile siku ya ishirini na tatu, nikanywa chai yake ya kakao, nikampongeza, nikaenda zangu kumsengenya.

Miezi miwili haijaisha Wakili aliapishwa kuwa waziri mkuu. Ma Titin alisikiliza kwenye redio na alimwambia kila aliyepita njiani kwamba yule alimwogesha yeye.

Tingatinga lilipanda kilima siku ya sitini na nne, asubuhi, likaangusha uzio wa viazi vikuu na kusimama. Dereva alikuwa kijana wa mjini, mwenye adabu. Ma Titin alimtokea na khanga ya kupikia kiunoni, hana wasiwasi hata kidogo.

"Umepotea njia, mwanangu," alisema. "Hoteli ni kule chini. Huku ni kwangu, na karatasi ninayo, kanipa Wakili mwenyewe. Ngoja nikuonyeshe."

Aliingia ndani, akaishusha fremu ukutani, akakifuta kioo kwa upindo wa gauni, akamletea. Dereva alizima injini. Aliisoma tangu juu hadi kwenye mhuri, akarudia sehemu moja, kisha akavua kofia.

"Ma," alisema, "hii ndiyo iliyonileta."

Ma Titin hakumwelewa. Aligeuka kumwita Alban aje amwelezee kijana yule kilichoandikwa. Alban alikuwa ametokea kwa mlango wa nyuma, godoro la Ma Titin kichwani, na vyombo vya jikoni alikwisha kuvipanga barabarani tangu alfajiri.